Siku tuliporekodi msiba wa kuigiza Kizota, majirani wakaja kulia kweli

Wakuu, heshima kwenu wote. Wadogo zangu, marahaba.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, mchangiaji wa mara mojamoja. Leo nimekutana na mtu anasema kazi ya filamu Tanzania ni Dar tu, sisi wa Dodoma tubaki na zabibu zetu na vikao vya Bunge. Nikaona huyu comment haimtoshi, nimfungulie uzi kabisa.

Anayetafuta chai, yaani hadithi za kutunga, apite. Haya yamenitokea mimi mwenyewe.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni production manager wa tamthilia na filamu, na siku hizi producer. Director ndiye anayesema "action". Mimi ndiye ninayehakikisha kwamba akisema hivyo waigizaji wapo, umeme upo, nyumba ipo, kibali kipo na watu wamekula.

Mambo yakienda vizuri anasifiwa director. Yakiharibika natafutwa mimi.

Kwa Kiswahili tunaitwa mameneja uzalishaji. Baba yangu, Mrangi wa Kondoa anayeuza nafaka pale Majengo, aliwatangazia wenzake sokoni kwamba binti yake ni meneja uzalishaji. Wiki haijaisha nikaanza kupigiwa simu na wafugaji wanaulizia mashudu. Walidhani niko kiwanda cha alizeti.

Nilianza kwa kubeba nyaya kwenye video za harusi hapa mjini. Nikapanda, nikawa mtu wa kutafuta location. Nikaenda Dar, nikafanya tamthilia kadhaa chini ya watu wanaoijua kazi. Halafu nikarudi nyumbani kwa makusudi. Wenzangu walinicheka sana, na mimi nikawaacha wacheke.

Sasa tuje kwenye tukio lenyewe.

Kituo kimoja cha TV kilikubali tamthilia yetu, ila mabosi walitaka tukaifanyie Dar. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania Dodoma. Hadithi ni ya huku, vumbi la huku, watu wa huku.

Wakasema sawa, leteni episode ya kwanza tuione. Isipotushawishi, mnahamia Dar. Na moyo wa episode hiyo ulikuwa scene ya msiba.

Nikapata nyumba Kizota, hapahapa Dodoma, ya mstaafu mmoja, tumwite Mzee Elia. Uwanja mpana, mwanga safi. Mzee akatuachia funguo, akaenda zake Kibaigwa kuuza mahindi.

Nikapeleka taarifa kwa mjumbe wa mtaa kwamba tutakuwa na shughuli ya kurekodi. Mjumbe, mtu mwema kabisa, akapita kwa majirani kuwaambia: "Kesho kwa Mzee Elia kuna shughuli."

Nadhani wengine mmeshaanza kucheka. Shughuli kwetu ni harusi, ni maulidi, ni msiba. Kurekodi tamthilia hakumo kabisa.

Asubuhi vijana wa set wakafunga turubai, wakapanga viti vya plastiki. Mwigizaji wetu anayecheza mjane akaanza kufanya mazoezi. Dada yule akilia analia, kilio kikafika hadi barabarani.

Na huku kwetu kilio ukikisikia huulizi maswali. Unaenda.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nahangaika na jenereta. Narudi uwanjani nakuta akina mama wanaingia getini na kuni kichwani, ndoo za maji, unga kwenye mabeseni. Wanaume wameshakaa kwenye viti vyetu, kofia mkononi.

Mama mmoja mtu mzima, niliyekuja kumjua kwa jina la Mama Yona, alikuwa mkekani amemkumbatia mwigizaji wetu, akidhani ni binti wa marehemu katoka mjini. Analia kwa Kigogo, na katikati ya maneno yake nasikia jina la Mzee Elia.

Watu walidhani mwenye nyumba kafariki.

Director wetu ni kijana wa Dar, rafiki yangu, na kazi anaijua kwelikweli. Akanivuta pembeni.

"Usiwaambie kitu," akaninong'oneza. "Kamera iko tayari. Nipe dakika chache tu. Machozi haya hatuyapati popote. Tutawaeleza baadaye."

Nisiwafiche wakuu, hoja yake ilikuwa na mantiki. Episode ilikuwa palepale mbele yetu. Nikisema ukweli watu wataondoka na hasira, pengine watatufukuza mtaani, na yule dada anayecheza mjane alikuwa na sisi siku ile tu kabla ya kwenda kazi nyingine. Tukiikosa scene, tamthilia inahamia Dar, na mimi nabaki yule mbishi aliyewaharibia wenzake.

Nikamtazama Mama Yona pale chini.

Nikamwambia director: "Wale hawaigizi. Wanamlilia jirani yao. Ukiiwasha hiyo kamera, tafuta meneja mwingine."

Nikaenda kusimama mbele ya lens, nikawageukia watu.

"Mbukwenyi," nikawasalimia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, kisha nikarudi kwenye Kiswahili. "Wazazi wangu, shikamooni. Naomba mnisikilize. Hapa hakuna aliyefariki. Mzee Elia ni mzima. Sisi ni watu wa filamu, na msiba huu ni wa kuigiza."

"Kama ni mzima, yuko wapi?" akauliza mzee mmoja.

Nikampigia Mzee Elia, nikaweka loudspeaker. Nyuma yake malori yananguruma. Nikamwambia huku kwake watu wanalia msiba.

"Nani kafa?"

"Wewe, mzee."

"Mimi niko Kibaigwa nashusha mahindi. Nani kawaambia nimekufa?"

Wengi wakacheka. Wengine hawakucheka. Mwanaume mmoja akachukua mzigo wake wa kuni, akasema kifo hakifanyiwi mchezo, akaondoka. Nilimfuata hadi getini kumwomba radhi. Hakugeuka, na sikumlaumu.

Niliporudi, Mama Yona alikuwa bado mkekani, anajifuta uso kwa khanga.

"Mwanangu, kwa hiyo maiti hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Basi Mungu ni mwema." Akaifunga khanga yake upya. "Ila mimi nimetoka nyumbani kuja kulia, na wenzangu wameshabandika maji ya ugali. Hatuondoki hapa hatujala. Hebu tuambie, huyo marehemu wenu alikuwa nani?"

Nikakaa chini nikawasimulia. Baba mkulima, ameacha mke na watoto, na mdogo wake anataka kuwanyang'anya shamba. Wakaanza maswali. Alikuwa mtu wa watu? Mkewe wa wapi? Mama mmoja akasema huyo shemeji hampendi hata kabla ya kumwona. Director naye akaja kuchuchumaa pembeni, anasikiliza.

Waliokubali kurekodiwa wakabaki uwanjani, wasiotaka wakahamia jikoni. Tulirekodi mara moja tu. Mama Yona alimlilia mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani, mpaka fundi wetu wa sauti akavua headphones akajifuta macho.

Mabosi walipoiona wakauliza wale waigizaji tumewatoa kampuni gani. Nikawajibu ni majirani.

Tamthilia ikabaki Dodoma msimu mzima, nikapewa u-producer, na jina langu linapita pale mwisho kila episode. Najivuna? Najivuna sana, na asitokee mtu hapa kuniambia nijishushe.

Vijana mnaoniuliza inbox kuhusu kazi hii, jifunzeni bajeti na ratiba, ni lazima. Lakini iko siku mtaombwa mnyamaze ili picha itoke nzuri, na hapo hakuna kozi itakayowasaidia. Mtaamua wenyewe. Na kwenye taarifa ya mtaa, tafadhali, msiandike "shughuli".

Mwenye swali, au kisa chake cha location, aweke hapa chini. Wabishi pia nawakaribisha. Nitajibu nikirudi, maana sasa hivi naelekea Kizota. Safari hii msiba ni wa kweli.

Mama Yona alinipigia asubuhi. Hakuulizia kamera. Alisema tu, "Mwanetu, tumefiwa."