Njia ya Babu ya Jumamosi

Juzi waendesha baiskeli watano walisimama mbele ya geti langu. Walivaa kofia ngumu na kaptula za kubana, na baiskeli zao zilikuwa nyembamba mpaka nikaona huruma. Wakaomba maji. Niliwapa, sinyimi mtu maji mimi, lakini macho yangu yalikuwa kwenye simu ya kijana aliyewaongoza. Ilionyesha ramani yenye mstari mwekundu, unapanda na kushuka vilima vyetu vyote kutoka Bukoba hadi Muleba, huku unaikwepa barabara ya lami kama mtu anayemkwepa mama mkwe. Nikamuuliza, "Kijana, lami ipo, tena imenyooka. Kwa nini mpite huku?" Akacheka, akasema huku ndiko kuzuri. Sikumwamini. Unisamehe, rafiki yangu, ndivyo nilivyolelewa. Swali lile nilifundishwa na bibi nikiwa na miaka tisa, na halikuwa la kuchekewa.

Nililelewa na babu na bibi, wazazi wa baba yangu, kwenye kibanja chetu cha migomba vilimani juu ya Kemondo. Nyumba ilinukia nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni, na uani kahawa zilianikwa kwenye mikeka mpaka kuku wakakosa pa kukanyaga. Bibi alikuwa na watoto wawili, baba yangu na binti mmoja. Yule binti, shangazi yangu, nilikuwa sijawahi kumwona. Alipata mimba akiwa hana mume, babu akamfukuza, akaapa kwamba jina lake lisitajwe tena nyumbani kwake. Bibi alitii. Hata mimi nilijua kuna jina moja la kutogusa, ingawa nilikuwa silijui.

Kila Jumamosi babu alishuka Kemondo kununua samaki, na baiskeli yake nyeusi ya chuma, nzito kama ndama. Kwenda alipita barabara kubwa kama watu wote. Kurudi alipita njia ya mlimani, ile inayokata rweya, nyika ya nyasi tupu iliyotenganisha kijiji na kijiji. Njia hiyo ilikuwa ndefu mara mbili, na samaki walifika wamelegea, wanahitaji kuokolewa kwa chumvi na moshi. Bibi alipouliza, babu alisema barabarani kuna vumbi.

"Vumbi!" bibi alinong'ona akipara samaki. "Masika yote hii, vumbi!"

Sasa sikiliza kilichoharibu mambo. Kwetu mgeni haondoki bila kupewa punje za kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa. Kila mwanamke ana mkono wake. Bibi alitia mujaja, na jani jingine alilorithi kwa mama yake kule Nshamba, jani ambalo hakumwambia mtu. Siku ya kuzichemsha alifunga mlango wa jiko, na mimi nilibaki nje nikinusa.

Jumatatu moja alikuwa anafua koti la babu, akakuta mfukoni punje nane zimefungwa katika jani kavu la mgomba. Akatafuna moja. Akaacha kutafuna. Akaniita, akanipa moja na mimi, akaniuliza hizi ni za nani. Nikasema ni zako, bibi. Akakaa chini kwenye povu la sabuni. Zilikuwa zake kabisa, na yeye alikuwa hajachemsha kahawa tangu mavuno.

"Amempa jani langu," alisema. "Mwanamke wa nje, waitu jamani, hayo yapo duniani. Lakini kumpelekea jiko langu!"

Tangu siku hiyo hakukuwa na amani. Babu akikohoa, bibi aliuliza nani kamwambukiza. Nguo zake alizifunga kwenye kitenge kimoja, akakiweka nyuma ya mlango wa jiko, tayari kurudi kwa kaka zake Nshamba. Alikuwa anasubiri ushahidi tu. Kisha akanikamata mkono: "Jumamosi utasema unataka kuona ziwa. Ukae kwenye keria, ufumbue macho, ufumbe mdomo. Halafu utaniambia." Nilikielewa kile kifurushi vizuri sana. Maneno yangu ndiyo yangeamua kama bibi anabaki au anaondoka, na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kunilea.

Babu alinikubalia bila kuuliza, na hilo peke yake lingenitia shaka kama ningekuwa mkubwa. Kurudi kutoka Kemondo samaki walining'inia mbele, mimi nyuma nimeshika mkanda wake. Kwenye miinuko alisema, "Shuka tukisaidie chuma," tukasukuma wote, nyasi zikinikata miguu. Kwenye miteremko breki hazikuwepo, alibana tairi kwa soli ya kandambili, ikanuka mpira ulioungua. Nilipiga kelele kwa raha, nikasahau kwamba mimi ni mpelelezi. Ziwa lilionekana, likapotea, likaonekana tena upande mwingine.

Pale juu palikuwa na nyumba ndogo na migomba michache. Mwanamke akatoka, akapiga magoti kumsalimia babu, akaniangalia mimi kwa muda mrefu. Alikuwa na binti mdogo wa miaka mitano hivi. Akatuletea kahawa. Nikatafuna, ladha ikawa ile ile ya nyumbani, nikaona kweli babu kafanya jambo baya. Babu akampa samaki wakubwa wawili. Mimi nilikaa nikimchukia yule mwanamke, huku nikila ndizi zake mpaka nikashiba.

Usiku haukuingia kabla bibi hajanibana jikoni. Nikasema yote. Kuna mwanamke. Kuna mtoto. Samaki wawili, tena wakubwa. Bibi aliitikia kwa kichwa kila neno, mkono umeshafika kwenye kifurushi. Nikazidisha, ili aone nimefanya kazi yangu: ana pengo la meno mbele, anamenya ndizi kwa mkono wa kushoto, na akicheka anajifunika uso na kiganja.

Bibi akaachia kifurushi. "Kushoto?" Nikasema ndiyo, kushoto. Hakulia. Alimenya ndizi zilizobaki zote, na zile za kesho.

Wiki nzima babu alipikiwa na kuheshimiwa hata akaanza yeye kuwa na wasiwasi. Jumamosi bibi alivaa gauni lake la kanisani, akatoka nje, akakaa kwenye keria. Wakati ule mama mtu mzima hakukaa kwenye baiskeli mbele za watu. Babu alimtazama, akatazama chini, akashika usukani. Mimi niliwafuata kwa miguu, hawakunifukuza.

Shangazi alipomwona mama yake alianguka magoti palepale shambani. Bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamshika na mjukuu, akawanusa kama anavyonusa ndizi zilizoiva. Kisha akamgeukia babu, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanamke mwingine ningekusamehe. Huyu ni wangu. Ulinikataza mimi, ukajiruhusu wewe. Miaka sita umekuja peke yako. Sasa miaka sita nitakuja mimi, na wewe utabaki nyumbani."

Nilidhani ni hasira, itapita. Haikupita. Kila Jumamosi bibi alipanda rweya kwa miguu, kikapu kichwani. Babu alipaka cheni mafuta, akajaza tairi upepo, akakaa barazani na baiskeli imeegemea ukuta, haendi popote. Samaki tukawa tunanunua kwa wachuuzi. Jioni aliniita pembeni: "Hawajambo? Mtoto kaanza shule?" Bibi alinikataza kujibu, lakini nilijibu, kwa kuitikia kwa kichwa tu, ili nisihesabiwe kuwa nimesema.

Mpaka leo nina shaka yangu moja. Babu alikuwa mtu wa kufunga kila mzigo mafundo mawili na kupapasa mifuko yake kabla ya kulala. Mtu wa namna hiyo anasahauje kahawa kwenye koti la kufuliwa? Nadhani alichoka kubeba siri peke yake na hakujua kuomba radhi. Nilimwambia bibi hivyo nilipokuwa mkubwa. Akasema, "Angeweza kutumia mdomo."

Siku hizi ile nyumba ya rweya haipo, pamepandwa misonobari. Shangazi aliolewa Bumbire. Jani la Nshamba, ambalo alilijua tangu utotoni kwa kuchungulia jikoni, bibi alimwachia yeye, si mimi, na sijaonja kahawa ile kwa miaka mingi sasa.

Babu alikufa mwaka wa nne wa ile adhabu yake, siku ya Jumamosi, bibi akiwa huko mlimani. Nilikimbia kumwita. Alirudi na shangazi mkono kwa mkono, wakapita katikati ya majirani wote, wakaingia mpaka kitandani alipolazwa babu. Bibi akainama, akamwambia kwa sauti, kama mtu anayeongea na kiziwi: "Miwili iliyobaki nimekusamehe. Amka, tulikuwa tunakuja kukuchukua."