Alama Mbili Kwenye Nguzo ya Ua Wangu

Amefariki fundi wa rangi mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua, ingawa miaka kadhaa iliyopita mlisoma habari zake hapa hapa. Sikupata taarifa kwa redio wala kwa meza yetu ya habari. Niliipata Jumapili asubuhi nikiwa barazani kwangu Loresho, pale mtunza bustani wangu alipokuja, kofia mkononi, kuomba ruhusa ya kwenda matangani Kangemi. Nikamwuliza ni nani aliyekufa. "Ni yule fundi ya alama, mzee," akasema. "Kifua imemmaliza." Chai ikanishinda. Mmezoea kuniona nikiwasifu marehemu katika safu hii, tena pengine kupita kiasi. Huyu siwezi kumsifu bila kujishitaki, kwa hiyo nivumilieni nifanye yote mawili.

Tulijuana mwishoni mwa miaka ya sitini, alipoletwa na mjenzi mmoja wa Kihindi kupaka rangi ofisi zetu za mjini. Alikuwa mtu wa Bunyore, mrefu, mkimya, na suruali yake ilikuwa na madoa ya rangi za nusu ya nyumba za Nairobi. Alitandaza majarida yetu ya zamani ya ng'ambo sakafuni ili rangi isichafue mbao, na siku ya pili nikamkuta amechuchumaa, brashi mkononi, anatazama picha badala ya dari. Picha ilionyesha wazungu wawili wenye mizigo mgongoni wakipanda mlima. "Ndugu mwandishi," akaniuliza, "hawa wanahama?" Nikainama nikasoma. Nikamwambia hawahami, wanatembea tu, kwa njia ya miguu ya Amerika ambayo mtu huimaliza kwa miezi mitano au sita. "Na huko mwisho kuna nini?" Nikasema hakuna kitu, mtu akifika anarudi nyumbani. "Miezi tano! Hakuna mgonjwa anaenda kuona? Hakuna matanga? Hakuna kazi?" Akacheka hadi akaweka brashi chini. Kicheko hicho kilikuwa cha mtu aliyetembea kila siku iendayo kwa Mungu, na hakuna jarida lililowahi kumpiga picha.

Kwa wiki mbili, kila saa ya chakula, nilimsomea. Tulisoma habari za mahujaji wa Uhispania, za barabara ya kale ya Japani, na za njia mpya ya Uingereza inayofuata uti wa mgongo wa nchi ile. Mambo mawili yalimshika. La kwanza lilikuwa alama: kule Amerika njia huonyeshwa kwa mstari mweupe wa rangi juu ya mti. Mstari mmoja, endelea mbele. Mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, angalia, njia inapinda. La pili lilikuwa kwamba njia ile ya Uingereza hupita katikati ya mashamba ya watu, na penye ua hujengwa kingazi cha vidato vichache ili mpita njia avuke. Hilo alinifanya nilisome mara mbili. "Na mwenye shamba anakubali?" Nikamwambia ni sheria. "Na hafungi?" Hafungi. Akaomba ruhusa ya kuchana ukurasa wenye picha ya kingazi. Nikamruhusu, ingawa jarida halikuwa langu.

Baada ya miezi michache akaja kunichukua nikaone kazi yake. Mnaijua njia ile, angalau wale kati yenu mnaoamka mapema. Ilitoka Kangemi, ikavuka kijito, ikapanda Loresho katikati ya mibuni, ikatokea Kitisuru. Wapishi, yaya, watunza bustani na mafundi waliifuata alfajiri kwenda kazini na jioni kurudi. Fundi alikuwa ameipaka alama mwanzo hadi mwisho kwa mabaki ya rangi nyeupe, juu ya miti, mawe na nguzo, kila mstari umenyooka kama wa rula. Watu walikuwa wameshajifunza maana yake, hata watoto. Nilifurahi sana. Nikaandika safu ndefu ya kuisifu njia hiyo, nikasema na sisi tunayo njia yetu ya kutembeza miguu, tena yenye maana kuliko za ng'ambo, na kwamba mashamba ya kahawa yatakapokatwa viwanja pasitokee mtu wa kuifunga. Mliniandikia barua nyingi za pongezi. Fundi alikata safu ile, akaikunja, akaitia ndani ya jalada la kitambulisho chake.

Mashamba yakakatwa viwanja, na mimi nikanunua kimoja. Haya, cheka anayetaka kucheka. Njia ilipita pembeni mwa kiwanja changu, ikiingilia chini bondeni na kutokea juu karibu na lango. Nikaweka seng'enge, na ndani ya seng'enge nikapanda kayaba, ule mmea wa miiba ambao hata mbwa hauvuki. Jumamosi moja nilikuwa na wageni bustanini, wakubwa wa ofisi na wake zao, fundi akaingia langoni na kingazi begani. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe kwa vipande vya mbao, vidato vitatu huku na vitatu huku, kama kile cha kwenye picha. Alikuwa amekibeba kutoka Kangemi, kwa kuzunguka, maana njia nilikuwa nimeshaifunga. Akakitua kwenye majani. "Nimeleta hii tuweke pale chini," akasema. "Haitaharibu ua. Watu watapita pembeni tu, hawatakusumbua."

Wageni walinitazama. Nikasema, "Fundi, hapa ni Loresho, si Uingereza." Wakacheka, na kicheko kile kikanilevya. Yeye hakucheka. "Lakini ni wewe uliandika isifungwe," akasema taratibu, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo alilosahau. Nami nikamjibu, "Niliandika kabla sijawa na ua." Hapo wageni wakacheka zaidi, mmoja akanipiga bega. Fundi akasema, "Sawa, bwana mkubwa." Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Akainua kingazi chake, akakitia begani, akatoka. Sikumpa hata maji ya kunywa.

Wiki iliyofuata, kwenye nguzo ya pembeni kule chini, nikaona mistari miwili myeupe, mmoja juu ya mwingine. Nikaamua ni wezi, kwamba wameweka alama nyumba ya kuvunja. Nikamwagiza mtunza bustani aisugue kwa tapentaini. Akaisugua. Ikarudi. Akaisugua tena, ikarudi tena, na mwishowe nikachoka nikanunua mbwa wa pili. Maneno ya maana ya mistari ile yalikuwa yametoka kinywani mwangu mwenyewe, na nilikuwa nimeyasahau kabisa. Aliyesomewa aliyashika miaka yote hiyo.

Basi Jumapili hiyo nilimwambia mtunza bustani twende pamoja, kwa miguu. Niliona haya kufika matangani kwa gari. Nyumba ya marehemu ilikuwa ng'ambo ya kijito, na kutoka barazani kwangu naweza kuyaona mabati ya majirani zake. Lakini kayaba yangu ilikuwa imepanda kunizidi kimo na haikuwa na pengo, kwa hiyo tulitokea langoni, tukafuata lami hadi barabara kuu ya Nakuru, tukatembea ukingoni malori yakitupulizia vumbi, kisha tukateremka bondeni kwenye utelezi. Alama nyeupe zilituongoza kote huko, za mzunguko huu mpya aliouchora yeye kwa sababu yangu. Nilianguka mara moja, na viatu vyangu vya kanisani vikajaa tope. Baada ya karibu dakika arobaini tukafika kwenye nguzo yangu ya pembeni, kwa upande wa nje. Mteremko pale ni mkali, nikainua macho nikaona, juu ya ua, kikombe changu cha chai bado kiko mezani barazani.

"Mzee," mtunza bustani akasema akionyesha mistari miwili, "hapa ndiyo ilikuwa anaambia watu wapinde." Nikamwuliza kama alijua siku zote. Akasema alijua. Mbona hakuniambia? "Hukuniuliza. Ulisema nifute." Tukavuka kijito.

Mjane wake alinipokea kwa heshima nisiyoistahili, akanipa kiti. Nikamwambia pole, mama, nikasema nimekosa. Alijua nasema nini. "Alikuwa anazunguka kila siku," akasema, "hata mvua ikinyesha, na hiyo kifua yake. Hapo mwanzo, kabla miiba haijaziba, wengine walitoboa ua yako huko juu kidogo wakapita. Mimi nikamwambia, wewe pia pita, baba. Akasema hapana, huyo ni rafiki yangu, siwezi kupita kwa ua yake kama mwizi." Siwezi kusema ua wangu ulimwua, daktari hakusema hivyo. Lakini kila asubuhi ya mvua kwa miaka mitano nilimwongezea dakika arobaini za baridi, nikiwa nimelala, naye akaendelea kuniita rafiki.

Nyuma ya nyumba nilikiona kingazi. Kuku walikuwa wamejipanga juu yake, vidato vimejaa mavi yao. Nikamwomba mama anipe. "Hiyo ni ya kuku sasa," akasema. Kisha akawafukuza. "Chukua. Aliitengeneza iwe yako." Nilikibeba begani mwenyewe, nikakataa kusaidiwa, kwa njia ile ile ya kuzunguka, na kwenye lami jirani zangu wawili walipunguza mwendo wa gari wanitazame. Mchana kutwa tulikata kayaba na seng'enge kule chini. Mikono yangu imechanika na bado inauma ninavyoandika. Jioni kingazi kilikuwa kimesimama, lango la juu liko wazi, na mbwa nimewafunga.

Jumatatu alfajiri nilisimama barazani kuwangoja watu. Walikuja, wakafika kwenye nguzo, wakakiona kingazi, na wote wakapinda kulia kwenda kuzunguka. Jumanne vivyo hivyo. Sikuwalaumu. Mimi nilikuwa nimewaandikia maneno mazuri gazetini kisha nikawafungia, lakini alama za fundi hazikuwahi kuwadanganya. Kama alama inasema pinda, wanapinda, hata mwenye shamba asimame na kuwapungia mkono.

Jambo nililojifunza ni dogo na limenigharimu rafiki. Nilikuwa hodari wa kutetea haki ya watu kupita, ilimradi wapite kwenye shamba la mwingine. Siku hizi kabla sijawaandikia kwamba kitu fulani ni cha wananchi wote, nauliza kwanza kama kinapita kwangu.

Jumanne jioni niliteremka hadi kwenye nguzo na kitambaa chenye tapentaini. Sikutaka kugusa kazi ya mkono wake, maana ndiyo iliyobaki. Lakini alinifundisha, au nilimfundisha na akanirudishia, kwamba mstari mmoja maana yake ni endelea mbele. Nikaufuta ule wa juu, nikauacha wa chini kama alivyoupaka. Asubuhi mama mmoja mpishi, viatu mkononi, alisimama mbele ya nguzo, akaitazama, akapandisha mguu kwenye kidato cha kwanza.