Mavi ya Chuma Niliyoyapeleka Guangzhou

Nilikwenda Guangzhou kwa sababu niliwahi kusoma Polandi, na kwa sababu nilisema uongo. Chuo kikuu kimoja cha huko kiliitisha mkutano wa historia ya viwanda na ufundi, kikataka mtu wa kueleza jinsi Wapolandi walivyoijenga elimu hiyo na imetufaa nini Waafrika. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Ufipa, ambako mababu zetu waliyeyusha chuma kwa ilungu, tanuri la udongo linalompita mtu kwa urefu. Katika muhtasari niliowatumia niliandika kwamba mimi na wenzangu wa kijijini tulijenga ilungu upya kwa njia ya Wapolandi, tukapata chuma. Hatukupata. Siku ya tatu tanuri lilipasuka, na tulichochota chini kilikuwa uchafu mwekundu uliochanganyika na makaa.

Nani angejua? Kutoka Sumbawanga hadi China si karibu. Halafu, wiki moja kabla ya kuondoka, ratiba ikaja: kila mtu alete sampuli, na mwenyekiti wa kikao changu ni Bi Halina, aliyenifundisha Polandi. Niliisoma nimesimama, nikatafuta kiti.

Nilifunga mafurushi mawili. Ndani ya kitenge niliweka mavi ya chuma ya kale, niliyookota kwenye ilungu la ukoo wetu. Meusi, mazito, laini pale yalipotiririka. Ndani ya gazeti niliweka yale yetu, ya tanuri lililopasuka. Kwa nini nilibeba yote sijui. Mtu mwoga hubeba vingi.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege. Begi liligoma kutoka kwenye mashine, na askari mmoja wa kike akaniita pembeni.

"Baba, hivi ni vitu gani?"

"Mavi ya chuma."

Alikunja pua, akasogea nyuma.

"Ni takataka inayobaki chuma kikishayeyushwa," nikaeleza. "Mimi ni mwalimu wa historia."

"Yaani unapeleka takataka China," alisema, akanisukumia begi. Wenzake wakacheka. Nilishajiona nikirudishwa nyumbani, na nusu ya moyo wangu ilikuwa ikiomba iwe hivyo.

Angani nilirudia hotuba yangu. Habari za Wapolandi nilizijua vizuri. Nchi yao ilipokuwa imegawanywa na majirani wenye nguvu, wahandisi wa migodi ndio waliotunza habari za chumvi na chuma, kila mmoja kwa mapenzi yake. Baada ya vita vikuu vya pili dola ilifungua taasisi, na mwanahistoria akakalishwa meza moja na mhandisi na mwanaakiolojia. Haikutosha tena kusoma hati za kale. Walipima mavi ya chuma yaliyolala mashambani, wakajenga matanuri upya, wakawasha moto. Siku hizi, migodi ya makaa ya mawe ikifungwa, wanaandika hata kumbukumbu za wachimbaji wastaafu. Bi Halina alitufundisha hayo akiwa na masizi kwenye kucha. Kila nilipofika kwenye maneno "tukapata chuma", niliyaruka.

Guangzhou, asubuhi. Nilipokewa na shemeji yangu Rukia, mdogo wake mke wangu, mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo. Amepanga chumba mtaa wa Xiaobei, juu ya duka la simu.

"Shemeji, pasi yako ya kusafiria tembea nayo," aliniambia kabla sijavua viatu. "Hata ukishuka kununua maji, polisi wa hapa hukagua."

Nikaongeza hofu hiyo juu ya ile nyingine.

Mchana alinichukua hadi Barabara ya Zhanqian, kwenye maghorofa ya nguo za jumla, akakague mzigo wake. Mwenye duka alifungua bunda moja. Rukia akaingiza vidole viwili katikati, akasugua, akatikisa kichwa.

"Laoban, bu yao," alisema, yaani bosi, sitaki.

Bosi yule aliapa, akaleta kikokotoo, akatuletea na viti. Rukia alishageuka.

"Umejuaje?" nikamuuliza ngazini.

"Kidole, shemeji. Sampuli ilikuwa pamba, hii wameichanganya. Ningenyamaza kontena lifike Dar, wateja wangenijua mimi, yeye hawamjui."

Niliongoza kushuka ngazi.

Asubuhi ya mkutano nilifungua mafurushi yangu juu ya meza. Nilikuwa nimeamua kubeba kitenge, niseme hayo ya kale ndiyo yetu. Rukia aliweka chai, akaokota jiwe moja, akaokota la pili. Maishani mwake hajawahi kuona tanuri la chuma.

"Haya hayakutoka jiko moja," alisema. "Hili limeiva. Hili bichi."

Nikaanza kulifunga lile lililoiva.

"Unampelekea nani?"

"Mwalimu wangu."

"Anayajua haya mawe?"

"Ndiyo kazi yake ya maisha."

Akayaweka chini, akavuta kikombe chake. "Basi shauri yako, shemeji."

Chuo kikuu, saa nne. Bi Halina alikaa mbele, nywele nyeupe, mikono ile ile. Nilieleza habari za Wapolandi bila kukosea. Kisha nikafungua gazeti, maana kitenge nilikiacha chumbani, nikasema kwamba niliandika uongo na chuma hatukupata. Bi Halina akaja mezani, akakwangua jiwe kwa ukucha.

"Milango ya hewa ilikuwa mingapi?" aliniuliza kwa Kipolandi.

"Kumi."

"Lilipasuka saa ngapi? Upande gani?"

"Sikumbuki, mama."

"Daftari liko wapi?"

Swali hilo sikuwa nimeliogopa, na ndilo lililoniua. "Niliacha kuandika siku ya pili, nilipoona tunashindwa."

Akavua miwani. "Walionitangulia walishindwa mara nyingi. Mimi pia. Tuliandika, ndiyo maana wewe ulikuta kitu cha kusoma. Kushindwa nakusamehe. Lakini moto wako uliwaka siku tatu bure."

Akalifunga jiwe vizuri ndani ya gazeti lake, akanirudishia. Alasiri nilijulishwa, kwa adabu sana, kwamba makala yangu haitaingia katika kitabu cha mkutano.

Nilirudi, na safari hii begi langu halikusimamishwa na mtu. Miaka yote nilidhani nilichokileta kutoka Polandi ni namna ya kujenga tanuri. Kumbe hiyo hata mababu zangu waliijua kunishinda. Kitu cha kuleta kilikuwa daftari, na ndicho nilichokitupa kwa aibu.

Mwezi uliofuata tulijenga tanuri jingine, tukawasha tena. Niliogopa kuliko nilivyoogopa Guangzhou, maana majirani wote walikuja kutazama. Tanuri lilipasuka siku ya pili, saa tisa alasiri, upande wa mashariki, juu ya mlango wa nne wa hewa. Chuma hatukupata. Nimeandika.