Safari ya feri na mama mukwe: kofia ya Afande ilikwenda wapi

Wakuu, jambo yenu wote. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Waliobaki mniamkie ninyi, mimi ni muzee sasa.

Nitaandika kweli tupu. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire. Mwalimu alikwenda harusi ya ndugu yake na hakurudi mpaka leo, kwa hiyo kwenye spelling msinihukumu.

Ilikuwa mwaka wa 2013 hivi. Mimi nilikuwa nalima maharagwe hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mu Juru. Binti yangu Furaha alikuwa anauza vitenge kule soko la Misiera, na kule ndiko alimpata mchumba, Asiimwe, kijana Munyankole, mtoto wa askari wa kambi ya jeshi Mbarara.

Baba yake tulimwita Afande tu. Mtu mzuri, lakini hata chai anaikunywa kama amepewa amri.

Afande akasema, kabla ya maneno ya mahari, familia mbili zijuane. Lakini hataki nyumbani. Anataka day trip: tutoke Mbarara alfajiri, tushuke upande wa Masaka, tupande feri mpaka kisiwa kimoja kidogo cha ziwa Victoria, tukule, turudi siku ile ile.

Nikasema oui haraka haraka. Nilizaliwa kando ya Tanganyika. Mtu akinitajia maji mimi sina akili tena.

Nilipofika nyumbani na habari hiyo, Mama Furaha aliacha kupepeta.

"Baba Furaha, umefikiri? Mukwe ataniona nikikula?"

Wakuu, hapa nisimame kidogo. Kwetu, mukwe na mama mukwe hawaonani midomo. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia mu majani. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa mu shamba la mihogo toka asubuhi mpaka jua linashuka, ju mama mukwe wangu alikuwa amekaa kando ya njia anasukwa nywele. Alichagua mtindo mrefu kabisa. Na hiyo si chuki, ni heshima.

Sasa feri haina majani ya kuingia.

Mama Furaha ni shemasi kanisani, akisema neno amesema. Akaniambia, "Huyo mutoto akiniangalia mudomo, ndoa hakuna. Nitasema siku ile ile mbele ya baba yake."

Furaha alisikia. Siku mbili hakugusa chakula.

Najua mtauliza, si ungemwambia tu Afande? Wakuu, utaanzia wapi kumwambia mwanaume mwenzako, tena askari, habari za mdomo wa mke wako? Jambo hilo halisemwi. Linapangwa kimya kimya.

Nikaanza kupanga.

Kwanza nilitafuta karatasi ya ruhusa ya kutoka kambi. Foleni yake ni uzi mwingine, tuiache.

Pili nikamtafuta mama mmoja wa Misiera anayeuza samaki wakavu, mwenye kuijua ile feri. Akanieleza: magari yanakaa katikati, watu wanakaa mbele kidogo na nyuma kidogo.

Nikarudi nikatandika mkeka, nikapanga maharagwe. Yale ya manjano, wanawake. Mekundu, wanaume. Magari, magunzi ya mahindi. Mama Furaha nikamweka nyuma pamoja na mimi. Mukwe nikamweka mbele kabisa. Katikati magunzi. Ukuta kamili. Hata Wayahudi mule Yeriko hawakuona ukuta kama ule.

Kuku akaja akameza mukwe.

Mama Furaha akasema ni ishara mbaya. Mimi nikasema kuku hajui siasa, nikaweka haragwe lingine.

Siku ikafika. Mchungaji alituombea dua ndefu mpaka nadhani Mungu mwenyewe alitafuta kiti. Tukachukuliwa na kanta, lori ndogo ya rafiki wa Afande wa pale Kamukuzi, Mbarara. Wanawake mbele na dreva, wanaume nyuma upepo ukitupiga. Mpaka hapo, salama.

Afande alikuwa na programu kwenye karatasi, kila kitu na saa yake, mpaka kukojoa.

"Muzee, hii safari mimi napanga kama operation," aliniambia. "Kila mtu iko na position."

Nikasema sawa, Afande. Moyoni nikasema na mimi nina maharagwe yangu.

Tulipofika kwenye feri, sikungoja position ya mtu. Nikamshika Mama Furaha mkono, tukapita haraka mpaka nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho. Magari yakaanza kuingia: lori ya mbao, pikap, lori ya bia, yetu ya nne. Yakabanana mpaka hata mbuzi hangepita. Nikafurahi. Nikamwambia mke wangu, ona, magunzi yangu.

Halafu nikageuza kichwa.

Kwenye benchi la kutuangalia, goti kwa goti, ameketi Asiimwe.

Wakuu, nilikuja kuelewa baadaye. Kumbe hata Wanyankole wana heshima hiyo hiyo! Mama yake Asiimwe naye alikuwa amepanga kimya kimya wiki nzima. Yeye alifikiri wakwe ni wageni wa heshima, lazima watawekwa mbele. Kwa hiyo akamwambia kijana wake: ukifika tu, kimbilia nyuma ujifiche. Tena wakampa ile kofia ya Afande, ile kubwa ya cowboy aliyoinunua ju ya harusi inayokuja, afunike uso.

Na si hiyo tu. Ili asionekane anakula mbele ya mama mukwe, walimlisha chakula cha siku nzima saa kumi na moja alfajiri. Katogo, sufuria nzima, ndizi na matumbo.

Feri ikaondoka. Kutoka haiwezekani. Mama Furaha akavuta kitenge mpaka kwenye kidevu, akageukia maji. Asiimwe akashusha kofia mpaka kwenye mabega. Nimekaa hapo katikati ya watu wawili wasio na vichwa.

Mara upepo ukaja. Ziwa likaanza kucheza.

Nikasikia tumbo la kijana linaongea Kinyankole. Mimi nimekulia kwenye maji, nilijua kinachokuja. Akigeuka upande huu kuna mama mukwe, upande ule lori ya bia. Ili afike kwenye maji lazima ampite Mama Furaha na mdomo wazi.

Hakupita. Alivua kofia ya baba yake, akaingiza uso wote ndani, akatapika humo humo. Katogo yote. Hakutoa sauti, hakuinua jicho. Kofia ilipojaa aliishikilia kama mtu anayeshika sadaka.

Mama Furaha hakugeuka. Alisema na mimi, kijana yuko hapo hatua moja.

"Baba Furaha. Uambie ule mutoto ya batu, apumue na pua, apana na mudomo."

Nikamwambia. Akapumua na pua.

Kisha mkono ukatoka chini ya kitenge na kipande cha tangawizi. "Mupe. Atafune pole pole. Miye siangalie."

Nikampa. Akatafuna. Kuhusu kofia, kijana aliniangalia, mimi nikaangalia ziwa. Ikaenda majini. Samaki wa Victoria siku ile walikula ndizi.

Kisiwa chenyewe? Mchanga, samaki, na wale ndege wakubwa wenye upara. Tuliposhuka Afande akatuhesabu, karatasi mkononi. Akafika kwa mtoto wake, akasimama.

"Kofia yangu iko wapi?"

Asiimwe akajishika kichwa. Furaha ananiangalia mimi. Mimi naangalia ndege. Na mimi najua Mama Furaha alisema atatoa neno lake siku ile, mbele ya baba wa kijana.

Akatoa. Akiwa amempa kijana mgongo, kitenge bado kichwani, akasema taratibu:

"Ni upepo, Afande. Miye niliona."

Shemasi, wakuu. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumsikia akidanganya hata ju yangu mimi.

Furaha siku ile alikula samaki watatu.

Somo langu: heshima mnayoificha sana, muulizane, pengine na jirani anaificha hiyo hiyo. La pili: mukwe asipande feri ameshiba.

Kwenu wakwe na mama wakwe wanaishije? Semeni hapa chini, sicheki mtu, mimi nimelala mu mihogo.

Ila kama kuna askari wa Mbarara anasoma, naomba uzi huu usimfikie Afande. Mpaka leo, upepo ukivuma kidogo tu, anashika kichwa na kutuambia habari za upepo wa lile ziwa. Na Mama Furaha anaitika, "Ulikuwa mukali sana, Afande."