Uso Uliokua Chini ya Msasa

"Huyu ni nani?" aliniuliza, akaniwekea mkononi sanamu ya mti wa jakaranda, msichana aliyeketi na kukunja miguu, asiyezidi urefu wa chupa ya soda. Siku hiyo kazi yangu ilikuwa kujibu maswali. Nilikuwa nimebandikwa hata beji kifuani iliyoandikwa Karibu.

Wachongaji wa kiwanja kimoja nyuma ya soko la Gikomba, Nairobi, walikuwa wameanzisha siku ya wakusanyaji wa sanamu kuja kukutana na wasanii wenyewe. Mwenyekiti wao aliamini kwamba mtu akishamshika mchongaji mkono, hatanunua tena kwingine. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi, basi mama yangu akaniombea kibarua cha kupokea wageni. Wachongaji walikuja na mashati yaliyopigwa pasi. Kila mmoja aliketi nyuma ya meza, mbele yake kibao chenye namba ileile anayoichonga chini ya kazi zake. Kina mama wa msasa, ambao hulainisha sanamu zikishachongwa, waliambiwa wapike chai. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

"Mbona kina mama hawana meza?" nilimuuliza mwenyekiti.

"Msomi, ukienda kumshukuru fundi wa gari, unamshukuru na aliyeliosha?"

Wenzake walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, halafu nikajichukia.

Yule mgeni aliyeniuliza alikuwa mwalimu mstaafu wa Buruburu. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba alitembea na fimbo nyeupe, lakini mabegani alibaki mwalimu, wima, kama anayengoja darasa linyamaze. Kwa miaka mingi alikuwa akinunua sanamu katika maduka ya mjini, moja baada ya nyingine, akichagua uso huo mmoja tu. Sasa zilikuwa zimejaza rafu nzima sebuleni kwake.

"Nilianza kumnunua nikiwa naona," alisema. "Siku hizi namjua kwa vidole. Wa kwanza alikuwa mtoto, mashavu yamejaa. Halafu shingo ikarefuka. Hawa wa karibuni ni msichana wa kuposwa. Mwanangu, mtu huyu amekua mbele yangu, nyumbani kwangu, na simjui jina. Nikizima redio nahisi ananingoja niongee."

Nilimweleza kwamba mkono wa fundi huzoea, hurudia mistari ileile bila kukusudia. Nikamwambia pia kwamba wanunuzi wa nje siku hizi wanapenda sanamu nyembamba, kwa hiyo mashavu lazima yapungue.

"Hiyo ni sababu," alisema. "Mimi nimeuliza ni nani. Kama ni mzima, nitakaa naye. Kama ni marehemu, niambieni leo niwarudishe wote. Sitaki kulea mtoto wa kaburini bila ruhusa ya wenyewe."

Niligeuza sanamu, nikasoma namba, nikampeleka kwa mchongaji mwenye namba hiyo.

"Karibu mathe!" alisema, akisimama. "Hii ni yangu. Namba haidanganyi."

Mwalimu aliomba apewe sanamu ambayo haijakwenda kwenye msasa. Mchongaji akainama chini ya meza, akamtolea moja, bado ina makovu ya tezo. Mwalimu aliipapasa mgongo, mabega, kisha akafika usoni na kukuta kama yai lenye pua.

"Siyo yeye."

"Ah, mathe, mimi namtoa tu ndani ya gogo. Uso naachia hivyo. Uso ni wa kina mama na vipande vyao vya chupa." Alisema kama mtu anayetaja mahali choo kilipo. Wala hakuona kwamba kwa maneno hayo alikuwa amekiri meza ile si yake peke yake.

Hapo nilikubali moyoni nilichokuwa nakikwepa: uso ule niliujua.

Utotoni nililala ukinitazama. Tulikaa Umoja, katika nyumba iliyoongezwa chumba cha mabati nyuma, na mama alikuwa akirudi na gunia la sanamu mabegani ili amalizie nyumbani. Alikwangua kwa kipande cha chupa, akapiga msasa, mwishowe akasugua kwa kidole gumba huku amefumba macho. Vumbi lilikaa kwenye sufuria, kwenye sare zangu za shule, kwenye kifua chake. Akishazipaka rangi ya viatu alizipanga dirishani zikauke, zote na uso mmoja, zikitazama kitanda changu. Niliwahi kumuuliza ni sura ya nani. "Ya mbao," alisema.

Shuleni nilikuwa wa kwanza kutangaza kwamba hakuna mizimu. Nyumbani niligeuza sanamu zitazame ukuta. Asubuhi nilizikuta zinanitazama tena. Nilifanya uchunguzi: nikajifanya nimelala, nikamwona mama akiingia na kuzigeuza moja moja, taratibu, kama anayemlaza mtoto vizuri. Nikapata maelezo niliyoyataka. Hayakunisaidia kulala.

Sasa alikuwa anakuja na sinia la chai.

"Huyu hapa mwenye uso!" mchongaji aliita.

Mwalimu alirudia swali lake lote, pamoja na lile la kurudisha. Mama aliweka sinia mezani, akajifuta mikono kwa leso, akachelewa sana kuifuta.

"Ni mzima?" mwalimu aliuliza.

"Ni mzima. Si umesema mwenyewe anakua?"

"Ni nani wako?"

"Ni binti yangu."

Kiwanja kizima kilinigeukia. "Kumbe msomi ndiye modo, ndiye anayechongwa!" mchongaji alisema. "Na vile ametusumbua na maswali!"

Mwalimu hakucheka. Aliinua mikono kuelekea kwangu. "Naweza?"

Vidole vyake vilinukia mentoli. Vilipita kwenye paji, vikafuata mifupa ya mashavu, vikashuka mpaka kidevuni, vikasimama. Vikarudi. Kila sanamu ya msichana yule ina kishimo kidogo kidevuni. Mimi sina.

Nilingoja aseme. Kweli nilitaka aseme, kwa sababu nilikuwa na hakika mama amedanganya ili sanamu zisirudishwe na kiwanja kisiaibike. Nilimtazama mama. Sijawahi kumwona mtu akiogopa hivyo akiwa amesimama wima.

Mwalimu aliondoa mikono usoni pangu.

"Nimefurahi kumfahamu," alisema, akimwelekea mama. "Ataendelea kukua?"

"Akijaliwa."

"Basi nitamngojea."

Walishikana mikono mpaka chai ikaota utando. Kisha mwalimu akaifunga sanamu ndani ya skafu yake, akaitia kwenye kiondo, akaondoka nayo.

Tuliporudi Umoja nilimbana mama kabla hatujafika nyumbani. "Ule uso si wangu, na yule mwalimu amejua. Kwa nini umemdanganya?"

"Nimemdanganya nini?" alisema, akainama kuchagua nyanya kwa mama mboga. Nilimuuliza tena wiki hiyo, na wiki iliyofuata. Halafu nikapata kazi, nikahamia gorofa za Pipeline ambako dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, nikaacha kuuliza.

Miaka ilipita. Vumbi la mbao lilimwangusha mama kitandani, na mmoja wa kina mama wa msasa, mkongwe kuliko wote, akaja kumjulia hali. Aliingia akimsalimu kama alivyomsalimu siku zote, Mama Fulani, kwa jina la mtoto ambalo si langu. Tangu utotoni nilidhani ni utani wa kiwanjani. Mama alipopitiwa na usingizi nilimfuata mgeni jikoni, nikamuuliza jina lile lilitoka wapi.

Alinitazama, kikombe mkononi. "Kwani hawakukuambia wewe ni wa pili?"

Dada yangu alikufa kwa homa kabla sijazaliwa, akiwa na miaka minne, na hakuwahi kupigwa picha.