Dánjal na Wimbo wa Pasaka

Dánjal alipiga kengele ya Pasaka akiwa ameshaamua kwamba ni mara yake ya mwisho. Mchungaji huvuka bahari kuja kisiwani Sandlíð mara chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote ni Dánjal, mfugaji wa kondoo, anayesoma mahubiri na kuongoza nyimbo. Mashua ijayo ikimleta mchungaji, angemkabidhi ufunguo wa kanisa. Na kisiwani hapakuwa na mwingine wa kuushika baada yake; kanisa lingefungwa.

Sababu ilikuwa Elspa, mkewe, waliyemzika kabla theluji haijaanza. Tangu hapo nyumba ilimzidi ukubwa. Alikuwa bado anachemsha kahawa ya watu wawili, anainywa yote kwa hasira, kisha usingizi unamkimbia. Waliomwambia Elspa yuko pazuri aliwaitikia kwa adabu, moyoni akitamani waende zao. Nyimbo za huzuni aliziweza. Lakini Pasaka huimbwa furaha, naye hakutaka kumdanganya Mungu mchana kweupe.

Pale Sandlíð watu huimba polepole, bila kinanda, kama walivyoimba babu zao. Kiongozi haanzi mstari mpya mpaka sauti ya mwisho itulie. Na sauti ya mwisho siku zote ilikuwa ya Elspa, aliyelivuta neno mpaka wenzake wakacheka chini chini.

Asubuhi hiyo walikuja wazee wachache, pamoja na Hallgerð, jirani yake, mwanamke asiyejua kunong'ona. Dánjal akaanzisha wimbo. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mbio mbio, bila kuacha hata upenyo wa mtu kusikia nani hayupo.

"Wewe Dánjal!" Hallgerð akapaza sauti katikati ya ibada. "Nani anakukimbiza? Wenzio tuna vifua vya kizee. Tungoje!"

"Siwezi kungoja pale mwishoni," Dánjal akajibu. "Pale ni pa Elspa."

"Kwani mimi sijui? Nimekaa naye benchi moja tangu tungali wasichana. Ngoja hapo hapo."

Dánjal akaimba tena kwamba kaburi li wazi, akanyamaza. Wazee wakalimaliza neno mmoja mmoja, wakatulia. Kimya kilimuuma kama alivyokiogopa. Lakini safari hii hakuwa na pa kukimbilia, na maneno aliyoyaimba yalibaki pale pale, yakawa yanasemwa juu ya kaburi la Elspa pia. Miezi yote ile maneno ya namna hiyo alikuwa akiyapita haraka. Furaha ikamwingia, ndogo, tulivu, na uchungu haukusogea kuipisha. Alilia waziwazi mbele ya watu, kisha akaanza mstari uliofuata, taratibu.

Baada ya ibada alifunga mlango, akabaki ameushika ufunguo mkononi. Hallgerð alikuwa akimngoja kwenye upepo.

"Haya, umepona?"

"Sijapona. Uchungu ni ule ule."

"Na furaha?"

"Ipo. Nimeikuta mle ndani." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Sijui vitakaaje pamoja, Hallgerð, na mimi niko peke yangu nyumba nzima."

Hallgerð alikaza kitambaa chake cha kichwani.

"Vitakaa. Vyangu vinakaa pamoja tangu bahari iliponichukulia mwanangu."

Dánjal akautia ufunguo mfukoni; mchungaji akija, hatamkabidhi.