Bafta Niliyoikata

Mama mkwe wangu hakupenda viraka. Kwake yeye kiraka kilikuwa kitu cha kuficha: unakishona kwa ndani, kwa uzi wa rangi ileile, na mgeni akija unakaa ubavu ule ili asikione. Sasa mie nimeletwa nyumbani kwake Temeke, bibi harusi kutoka Lindi, na starehe yangu ni kukaa uani mchana kutwa nikiunganisha viraka, kisha navianika kwenye kamba watu wavione.

"Watasema mwanangu ameshindwa kukununulia shuka," aliniambia.

"Si shuka, mama. Ni mfarishi wa kujifunikia."

"Mfarishi wa viraka ni viraka. Na hapa Temeke nani anaona baridi?"

Kazi hiyo nilifundishwa na mke wa mwenye duka, mama wa Kihindi aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye alizipanga sari zake kuukuu tabaka tatu, nne, akazishona pamoja kwa mishono midogo iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka zikawa tandiko zito na laini. Mie sikuwa na sari. Nilikuwa na vipande vya kanga na vya magauni, vile vinavyoanguka chini ya cherehani, ambavyo mafundi wa Chang'ombe walishazoea kunitengea kwenye mfuko wa unga. Nilivikata mraba mraba, nikaviunganisha hadi vikawa uso mmoja. Chini niliweka kitambaa cha marekani, katikati nguo zilizochakaa, nikapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza, zisihame, ndipo nikaanza kushona.

Mfarishi wangu wa kwanza ulikwenda upande. Pembe moja ilikuwa ndefu kupita nyingine, na mume wangu alipojifunika alisema, kwa adabu zake zote, kwamba miguu yake inashukuru ila mabega yanauliza. Wa pili ulinyooka, mwekundu na mweusi, nikampelekea mama yangu Lindi. Wa tatu niliuanza kwa vipande vya manjano. Manjano yakaniudhi, nikaurusha juu ya kabati, na hadi nazeeka sijaumaliza.

Wa nne nilikuwa nimeuona kichwani kabla sijashika mkasi. Nyota nyeusi za kaniki, kubwa kama sahani, juu ya uwanja mweupe. Kaniki nilikuwa nayo. Weupe ndio ulionishinda, maana ilikuwa miaka ile ya vita ya pili ya Wazungu na nguo zilikuwa adimu. Watu walipanga foleni dukani tangu alfajiri, na jora likiisha wanarudi mikono mitupu. Nyota zangu zilikaa tayari kwenye kikapu miezi mitatu, hazina pa kulala.

Kipupwe kilipoanza, dada yake mama mkwe aliyekuwa akiishi Bunju akashikwa na homa. Mama akafunga kitita chake aende kumuuguza. Asubuhi ya kuondoka akaniita chumbani kwake, akanikabidhi ufunguo wa sanduku.

"Humo juu kabisa utakuta shuka nyeupe kuukuu, imetoboka katikati. Ichukue, ukate hayo mambo yako."

Sikuamini masikio yangu. Nilimpigia magoti kumshukuru, naye akaniondoa kwa mkono kama anayefukuza nzi, lakini alikuwa akitabasamu.

Adhuhuri nikalifungua sanduku. Shuka ilikuwapo kama alivyosema. Ilikuwa na madoa ya kutu, imegeuka rangi ya chai, na ukiivuta kidogo inachanika. Ningeweza kulifunga sanduku nikatoka nayo. Badala yake niliinua kanga zilizokuwa chini yake, na chini ya kanga nikakuta bafta, imekunjwa vizuri, mpya, nyembamba na imebana, nyeupe hata chumba kilionekana kimepata dirisha jingine. Ilinukia kafuri. Juu yake palikuwa na vipakiti viwili vidogo vimefungwa kwa uzi. Nikadhani ni dawa ya nondo, nikaviweka pembeni.

Nisijidanganye. Nilijua sicho kitambaa alichonipa. Nilijiambia: ametaka nichukue cheupe, na hiki ni cheupe, vita ikiisha nitamnunulia kingine. Nikaitoa bafta, nikaitandika mkekani uani, nikaanza kukata. Mkasi ulipita bila kukwama. Nilikata yote mpaka ncha ya mwisho, miraba ya ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa, na siku saba zilizofuata nilishona kuliko nilivyowahi kushona maishani.

Mama akarudi alasiri moja, vumbi la njia ya Bagamoyo limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama. Mgonjwa je?"

"Marahaba mwanangu. Hajambo, sasa anakula."

Sikumwacha hata anawe uso. Nilikimbia ndani nikautoa mfarishi, nikautandaza mbele yake. Nusu na zaidi ilikuwa tayari. Akautazama, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaona jicho lake limependa kazi yangu.

"Lo! Huu umependeza," akasema.

Akainama, akapapasa nyota moja. Halafu kidole chake kikahamia kwenye weupe. Akashika kwa vidole viwili, akasugua. Akaunyanyua hadi puani.

"Hii bafta umeitoa wapi?"

"Sandukuni, mama."

Alikaa chini. Si kwenye mkeka, kwenye mchanga mtupu, na kanga yake nzuri ya safari. Kisha akasema polepole, kama anayemweleza mtoto:

"Umeikata sanda yangu."

Mwanzoni sikuelewa. Kwetu sanda hununuliwa siku mtu anapofariki. Sikuwahi kusikia mtu mzima wa afya akiiweka ya kwake ndani, akalala nayo chumba kimoja. Nilipoelewa, nilitazama mikono yangu na sikuiona kuwa ni yangu. Nilivikumbuka vile vipakiti viwili. Kafuri ya maiti. Nilikuwa nimevishika na kuvisukuma pembeni kama takataka.

Mume wangu alikuwa karani wa ghala bandarini Kurasini. Alipofika jioni alimkuta mama yake hajaondoka kwenye mchanga na mie nimejikunyata mlangoni. Nilimweleza mwenyewe. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Ile ya mjomba?" akauliza.

Mama akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipojua lililobaki. Kaka yake mama alikwenda Makka kuhiji, akamnunulia dada yake bafta ile huko huko, akaichovya katika maji ya Zamzam, akaianika, akarudi nayo kifuani. Mwaka haukupita akafariki. Hata vita ingekwisha kesho na maduka yakajaa, bafta ile haikuwa na duka.

Mume wangu hakunigombeza. Nilingoja anipigie kelele, nilitamani anipigie kelele. Alitoka akaenda kukaa nje, na nilimsikia jirani akimuuliza kama kuna msiba naye akijibu, "Hapana. Karibu na hapo."

Kesho yake nilianza kufumua. Nilidhani nikitoa mishono yote naweza kuirudisha. Nilifumua nyota kumi, nikapanga miraba mkekani, nikaanza kuiunga nyeupe kwa nyeupe. Mama alipita, akaona, akasimama.

"Acha."

"Mama, nitaishona iwe nzima."

"Nimekwambia acha! Unataka nizikwe na viraka?"

Neno hilo lilinichoma kuliko kipigo. Nikaacha. Alikwenda mwenyewe kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, na mwalimu akamwambia kwamba sanda ni kitambaa safi tu, ya Makka na ya Temeke ni sawa, na mtu hufuatwa na amali zake. Alinisimulia hayo kwa ufupi, akiwa amenipa mgongo. Wiki nne hakuniita kwa lolote. Chakula nilichopika alikula, salamu aliitikia, basi. Kila Ijumaa nilipiga magoti nikaomba radhi, na kila Ijumaa alisema, "Inuka, utachafua nguo."

Mfarishi niliuviringisha nikauficha chini ya kitanda. Sindano sikuishika. Yule mama wa Kihindi aliniuliza kwa nini haonekani mtu uani siku hizi, nikasingizia kazi za jikoni.

Mshtuko wa pili ulinipata nikirudi kisimani. Nilisukuma mlango wa uani na ndoo kichwani, nikamkuta mama mkwe wangu ameketi kwenye mkeka wangu, mfarishi mapajani, subana yangu kidoleni, anashona. Ndoo ilinitoka. Maji yalimwagika mpaka miguuni pake, naye hakuinua hata kichwa.

"Sindano yako nene," alisema. "Inaacha matundu."

"Mama..."

"Sijakusamehe. Usije ukadhani nimekusamehe. Lakini kaka yangu aliibeba kifuani, siwezi kuiacha ioze chini ya kitanda. Lete sindano nyembamba."

Nilileta. Nikakaa upande wa pili wa mfarishi, na tukashona. Mishono yake ilikuwa midogo na ya haraka. Miaka yote ile ya kuficha viraka ilimpa mkono ambao mie sikuwa nao. Hatukuzungumza siku hiyo. Siku ya tatu alianza kunisimulia habari za kaka yake: alivyoogopa ng'ombe, alivyokuwa akiimba akioga. Ya nne alicheka. Mara nyingine katikati ya kucheka alishika mraba mweupe, akaunusa, kisha akarudi kwenye mshono. Tuliumaliza kabla ya mvua za vuli. Aliukunja, akautia sandukuni mwake, akafunga kwa ufunguo.

Mwaka uliofuata nilijifungua binti, asubuhi, chumbani, mkunga upande mmoja na mama mkwe upande mwingine. Mtoto alipokwisha oshwa, mama alitoka kidogo. Aliporudi alikuwa ameukunjua ule mfarishi na anauweka chini ya mtoto.

Nilipiga yowe. Mkunga alidhani damu imeanza kutoka upya.

"Mama, usimlaze humo! Hiyo ni sanda!"

"Sanda gani?" Alimfunika mtoto mpaka kidevuni, akapanga ncha vizuri. "Sanda uliikata weye. Huu ni mfarishi. Nimeushona kwa mkono wangu, namlaza nimtakaye."

Mkunga alitutazama mmoja baada ya mwingine, hakuelewa kitu. Mama alimnyanyua mtoto pamoja na mfarishi wake, akamweka kifuani pangu, akanitazama usoni kama ambavyo hakuwahi kunitazama tangu siku ile ya bafta.

"Nimekusamehe," alisema. "Usiniulize tena."

Sikumuuliza tena.